Matanga ya Baharia Tusiyemjua

Kwetu hatuulizi. Ukiambiwa fulani amefiwa, unatafuta viatu. Marehemu alikufa lini, kwa sababu gani, nani alikuwepo, hayo utayasikia ukishaketi na kikombe cha chai mkononi. Anayeuliza akiwa bado amesimama huonekana amekuja kupeleleza. Nimelelewa hivyo katika vilima vya Vihiga, na nilipohamia Maryland niliwakuta wenzangu wamekuja na tabia hiyo hiyo, pamoja na sufuria zao kubwa. Ndiyo iliyotupeleka Bowie Jumapili moja ya Februari, miaka ile ya mwisho ya tisini, msafara mzima wa magari, kumlilia mtu tusiyemjua hata jina.

Aliyetufikisha huko alikuwa mwanafunzi wangu. Siku za kazi nilikaa mapokezi katika kliniki ya meno Silver Spring, kazi ya kutabasamu mbele ya watu wenye maumivu. Jumamosi asubuhi nilifundisha Kiswahili katika chumba cha chini cha kanisa letu. Nilikuwa na watoto wa Wakenya walioletwa kwa nguvu na mama zao, wanaoelewa kila kitu na kunijibu kwa Kiingereza, na nilikuwa na Wamarekani weusi, watu wazima waliokuja kwa hiari yao. Hao ndio walionipa moyo wa kuamka. Mkubwa wao alikuwa mzee mmoja wa Bowie, mstaafu wa serikali, suruali imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Alianza kujifunza Kiswahili miaka ya sabini, wakati wengi wa watu wake walipokuwa wakikitafuta, na wenzake walipokiacha yeye hakukiacha. Alikisema polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka barabara yenye barafu, lakini hakuanguka.

Shida yake ilikuwa kwamba hakutaka maneno niliyokuwa nayo. Wenzake waliuliza majina ya matunda na namna ya kumwamkia mkwe. Yeye aliuliza sehemu ya nyuma ya meli inaitwaje.

"Nyuma," nikamwambia.

Aliniangalia kama mtu aliyeuziwa nyanya mbovu. Mimi ni mtu wa milimani. Bahari niliiona mara ya kwanza kupitia dirisha la ndege, na niliiogopa. Ikabidi nimpigie simu mama mmoja wa Lamu aliyekuwa akiishi Falls Church, naye akacheka mpaka akakohoa, kisha akanipa: nyuma ni tezi, mbele ni omo, chini kabisa tumboni mwa chombo ni ngama. Jumamosi iliyofuata nikampelekea mzee, akayarudia kwa sauti ya chini mpaka yakamkaa mdomoni. Wiki nyingine akataka neno la ukingo wa meli. Nyingine akataka kujua tunasemaje meli inapolala ubavu kwa wimbi. Nilimwona msumbufu, nasema kweli. Nilidhani ni mchezo wa uzeeni, kama wengine wanavyokusanya stempu.

Kidogo kidogo, kwa maneno hayo hayo, alitueleza habari za meli yake. Haikuzaliwa manowari. Ilikuwa meli ya uvuvi ya maji baridi ya kaskazini, imejengwa kukokota wavu mkubwa chini ya bahari na kurudi nyumbani tumbo limejaa samaki na barafu. Vita vya pili vya dunia vilipofika, na nyambizi za Wajerumani zikawa zinazamisha vyombo karibu na pwani ya Marekani yenyewe, jeshi la wanamaji lilichukua chochote kinachoelea. Meli ikapakwa rangi ya kijivu. Jina lake, lililokuwa la mke wa mwenye meli, likafutwa na mahali pake pakaandikwa namba. Omoni wakaweka mzinga. Tezini wakakata ukingo ili kupitisha reli za mapipa ya baruti, yale ya kuporomoshea nyambizi. Winchi iliyokuwa ikivuta wavu waliiacha palepale, wakaifunga waya mrefu wa chuma wa kufagia mabomu yaliyotegwa majini. Na mahali pa samaki wakaweka vitanda.

"Huko kwa samaki tulilala sisi," alisema. "Waliosha kwa dawa. Wakapaka rangi. Harufu haikutoka. Vita viliisha, harufu ilikuwa ndani."

Sisi, maana yake vijana weusi wawili. Jeshi la wakati huo halikuwapa weusi kazi nyingine melini isipokuwa kuwaandalia maofisa meza, kuwatandikia vitanda na kumwaga mabaki ya chakula chao baharini. Mzee alilisema hilo bila kupandisha sauti. Aliyekasirika ni mimi, na nikaonyesha, kama kawaida yangu. Yeye akaniomba radhi kwa kunikasirisha, na hapo akaniudhi zaidi.

Habari za chombo alizieleza vizuri hata watoto wakanyamaza. Alisema meli ile ilizoea uzito chini, uzito wa samaki, nao wanajeshi wakaiwekea uzito juu. Wimbi likiipiga ililala ubavu, ikafikiri kwanza, ndipo ikainuka. Alionyesha kwa kiganja inavyofikiri. Lakini habari za watu hakuzigusa. Kila mtu alipomuuliza yule kijana mwenzake alikwenda wapi baada ya vita, yeye aliuliza neno jingine.

Jumamosi ile tulimaliza darasa kwa maombi kama ilivyokuwa desturi. Niliuliza kama kuna mwenye haja. Mzee akainua mkono.

"Naomba mniombee," akasema. "Shemeji yangu alikufa baharini. Hajazikwa."

Tukamwombea. Akavaa kofia yake, akashukuru, akaondoka. Bahati mbaya, au nzuri, mlangoni alikuwa amesimama mwenyekiti wa kamati yetu ya misiba, amekuja kuchukua wanawe. Alikuwa mama wa Bungoma, mtunza wazee kwa kazi, mpana wa mabega na wa sauti. Kazi ya kamati ilikuwa kumkalia Mkenya yeyote aliyefiwa huku ughaibuni, kumpikia, kumwimbia, asije akalia peke yake katika apatimenti na televisheni. Kwa mama huyu, mtu ambaye hajazikwa ni sawa na nyumba inayowaka.

"Mwalimu, umeskia? Shemeji hajazikwa, na huyo mzee anaenda tu hivyo, peke yake?"

"Labda nimpigie simu kwanza nimuulize."

"Umuulize nini? Wewe ni mtu wa kwetu ama umekuwa mzungu? Kesho baada ya church tunaenda. Utatu-direct, nyumba yake si unaijua? Mimi nita-call watu."

Nyumba nilikuwa naijua, kwa sababu niliwahi kumrudisha gari lake lilipoharibika. Nikakubali. Ningeweza kupiga simu jioni ile, simu ilikuwa ukutani, lakini neno la mwenyekiti lilikuwa limenichoma. Hakuna anayependa kuitwa mzungu na mtu wa Bungoma.

Jumapili mwenyekiti alipanda gari langu na mfuko mapajani. Kwetu, mtu akipotea majini na mwili usionekane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, ili naye awe na kwao. Kabla ya ibada alikuwa amepita duka la vyakula vya Kiafrika pale Silver Spring kuuliza mgomba.

"Hawana," akaniambia kwa uchungu. "Wako na ndizi za kupika pekee."

"Na hizo kwenye mfuko?"

"Ndizi za kupika."

Nilicheka hadi nikakaribia kupitiliza njia ya kutokea barabara kuu namba hamsini. Yeye hakucheka. Aliniambia mgomba ni mgomba, hata ukiwa bado haujawa shina, na Mungu anaelewa mazingira.

Bowie ni mji wa watu waliotulia, kila nyumba na majani yake na gereji yake, na njiani haonekani mtu anayetembea kwa miguu. Magari yetu yalijipanga upande mmoja wa mtaa, na jirani mmoja akavuta pazia. Tukashuka na machupa ya chai, chapati zimefungwa, sufuria ya ugali ndani ya blanketi, leso viunoni juu ya makoti ya baridi. Tulikuwa watu wa Kenya kwa wingi, na dada wawili wa Dodoma, na Mkongo mmoja fundi wa magari ambaye hakukosa msiba wa mtu. Tukaanza kuimba tangu barabarani, kama inavyopasa, ili mfiwa asituone kabla hajatusikia.

Aliyefungua mlango ni mkewe. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, dirishani: mama mrefu, mwembamba, mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alikuwa bado na gauni la kanisani. Wimbo ulififia mtu mmoja mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Nani amekufa?" akauliza kwa Kiingereza. Kiswahili hakukijua, mumewe alikuwa nacho peke yake, kama wanaume wengine walivyo na banda la zana.

Mwenyekiti akamshika mikono yote miwili, akamjibu kwa Kiingereza chake cha kazini, kile cha kuwatuliza wagonjwa. "Pole, mama. Pole sana. Ni kaka yako."

Nikaona uso ule unavyobadilika, nikajua tumekosea. Huo haukuwa uso wa mtu mwenye msiba ndani. Ulikuwa uso wa mtu anayeletewa habari.

"Kaka yangu nilikuwa na mmoja," akasema. "Alikufa wakati wa vita. Mimi nilikuwa msichana wa shule."

Kuna aibu za kawaida, nimezipata nyingi, na kuna ile ya kusimama barazani kwa mtu na sufuria ya ugali umemwambia kaka yake amekufa. Nilitamani Maryland ipasuke niingie. Nyuma ya mama alitokea mzee na ndara zake, akatuona wote, akaniona mimi, akafunika mdomo kwa kiganja. Nikaanza kuomba radhi kwa lugha mbili na zote zikanishinda. Mwenyekiti hakuomba radhi. Alikuwa bado ameishika mikono ya mama.

"Amezikwa?" akauliza.

"Hapana. Hawakumpata."

"Basi tumechelewa tu," akasema mwenyekiti, akainama kuvua viatu.

Mama aliangalia vile viatu. Aliangalia watoto wetu wenye pua nyekundu na wanaume walioshika machupa ya chai kifuani. Akasema tuingie kabla hatujapata homa.

Nilimfuata jikoni kutafuta sahani, zaidi kwa kukimbia macho ya mzee. Alikuwa akifungua makabati na kuyafunga bila kutoa kitu. Kisha akaanza kuzungumza amenipa mgongo.

"Aliwaambia nini?"

"Kwamba shemeji yake alikufa baharini na hajazikwa. Basi. Sisi ndio tuliokuja bila kuuliza, nisamehe."

"Leo ni tarehe yenyewe," akasema. "Kila mwaka siku hii hanywi kahawa na hasemi. Walikuwa marafiki kabla hawajawa mashemeji. Waliandikishwa pamoja, wakapelekwa meli moja, mahali pa samaki. Akarudi yeye. Nikaolewa naye, na watu wakasema ni kwa upendo, na ilikuwa kweli, lakini pia alikuwa mtu pekee duniani aliyekuwepo." Akafunga kabati. "Nimemuuliza mara tatu katika ndoa yetu. Kabla ya harusi, mama yangu alipokuwa anakata roho, na siku moja tukiwa tumegombana. Mara zote alinijibu kwamba alikuwa amelala, aliamka akakuta kaka yangu hayupo. Mume wangu akilala husikia paka anayepita uani. Nimelala naye, ninajua."

Nikafungua kabati lililokuwa karibu nami, likawa la vikombe.

"Sijawahi kutaka kitu kingine kutoka kwake," akasema. "Nataka kujua aliyemwona kaka yangu mwisho ni nani. Haya, sahani hizi hapa."

Sebuleni watu walikuwa wamejibana kwenye makochi na kwenye zulia. Mama akakaa kwenye kochi refu, mkoba wake wa kanisani kando yake. Mzee alikuwa amekaa peke yake kiti cha mbali karibu na ngazi. Tukaimba, Mkongo akaomba kwa Kiswahili chake, akimwita Mungu Baba na Papa katika pumzi moja. Ndipo mwenyekiti akasimama katikati.

Kwetu, kabla ya kumwombea marehemu na kumzika, yule aliyekuwa naye mwisho husimama mbele ya watu akaeleza alivyokufa. Awe mtoto, awe daktari, atasimama. Akimaliza, mkubwa wa familia hujibu kwa neno moja: tumesikia. Neno hilo lisiposemwa hatuendelei. Maana yake familia imezikataa habari zile na kuna kesi, na nimewahi kuona jeneza likikaa juani kwa ajili ya hilo. Mwenyekiti aliyaeleza yote hayo kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kwa heshima ya mama mwenye nyumba. Hakujua lolote la jikoni. Akauliza, bila hila hata chembe:

"Sasa, ni nani alikuwa naye mwisho?"

Nilitaka kupaza sauti nimzuie, nikawa nimechelewa. Mzee alikuwa ameshasimama.

"Mimi," akasema kwa Kiswahili.

Mkewe akanigeukia. "Amesemaje?"

"Amesema ni yeye."

"Mwalimu," mzee akaniita, "njoo hapa karibu nami. Tafsiri."

Katika makanisa yetu mkalimani husimama bega kwa bega na mhubiri, akipaza naye anapaza, akiinua mkono naye anainua. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mara nyingi na nilijisifu kwayo. Lakini sikuwahi kusimama kando ya mwanamume nimtafsirie kwa mke wake. Nilipofika kando yake ndipo nilipoelewa habari ya tezi na omo. Kwa Kiingereza alikuwa ameshamwambia mama huyu kwamba alikuwa amelala, mara tatu, na hakuweza kulirudisha neno lile. Kwa Kiswahili hakuwa amemdanganya mtu. Miaka yote ile alikuwa akitafuta maneno ya kutosha kusimulia asubuhi moja, na mimi nilimwona msumbufu.

"Ilikuwa asubuhi," akasema, nami nikasema. "Jua lilikuwepo, baridi ilikuwa kali. Meli zenye askari zilikuwa zinatoka bandarini, zimefuatana. Sisi tulikuwa mbele, tunawafagilia njia. Waya ulikuwa majini, umevutwa nyuma yetu. Tulimaliza kuwapa maofisa chakula. Yeye alichukua ndoo ya mabaki, akaenda tezini kumwaga. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo ya pili. Ukingo haukuwepo. Waliukata kwa ajili ya reli. Meli ililala ubavu. Nilimwona amesimama, kisha nikaona ndoo peke yake."

"Alijua kuogelea?" akauliza dada mmoja wa Dodoma.

"Alijua. Na hilo lilikuwa baya."

Nikatafsiri. Mama hakupepesa macho. Mikono yake ilikuwa imeshikana magotini.

"Mwenye winchi alikuwa mvuvi," mzee akaendelea. "Alikuja na meli ilipochukuliwa, alikuwa ameivulia miaka mingi. Wavuvi wa kule wana sheria yao. Mtu akianguka, wavu unaachwa. Unavuta mpini, breki ya winchi inafunguka, wavu wote unakwenda na maji, meli inakuwa huru, inageuka. Hakuna anayeuliza bei ya wavu. Yule mvuvi alishika mpini. Akamwangalia nahodha juu. Nahodha akatikisa kichwa. Tukiachia waya, njia haijafagiwa, na meli za askari zinakuja nyuma yetu. Mvuvi akaangalia maji, akamwangalia tena nahodha. Akatoa mkono. Akaenda mbele ya meli, analia, anatukana. Akaniacha mimi na ule mpini."

Akanyoosha mkono kutoka kifuani pake mpaka ukagusa bega langu.

"Ulikuwa hapa. Mbali hivi. Sikuuvuta."

Sentensi ile niliipokea na ikanikwama. Ulimi wangu ni mkali, watu wanajua, lakini nilikuwa natafuta neno laini, natafuta namna ya kusema hakuweza. Mama alikuwa ananitazama mdomo.

"Usimpambie," akaniambia. "Sema alivyosema."

"Hakuuvuta," nikasema.

Mtoto mmoja aliomba juisi na mama yake akamziba mdomo.

"Nimejiambia ilikuwa kwa ajili ya askari wale," mzee akasema. "Walikuwa vijana wengi. Walipita salama, tuliwaona wanatupungia. Labda ni hivyo. Labda nilimwogopa nahodha. Nilikuwa kijana mweusi, nina aproni, katika meli ya wazungu wenye bunduki. Sijui ni lipi. Nimeangalia ndani yangu mpaka leo, sijui. Nimemaliza."

Nikatafsiri mpaka neno la mwisho. Kisha tukangoja. Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya sebule na kitabu cha nyimbo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujua afanye nini na mikono yake. Watu wote walikuwa wamemwelekea mama. Mashine ya joto ilivuma chini ya sakafu, ikakoma, na bado hakujibu. Niliogopa. Niliogopa kwamba tumeingia katika ndoa ya watu na viatu vyetu mlangoni, tumeivunja, na tutafunga sufuria zetu turudi Silver Spring.

"Muulize," akasema mwishowe, akinitazama mimi, "kama kaka yangu aliita."

Mzee alikuwa amesikia. Lakini alingoja Kiswahili changu.

"Mama anauliza kama aliita."

"Aliita. Hakumwita nahodha. Aliita jina langu."

Nikasema.

"Muulize alifanya nini alipoitwa."

"Nilisimama pale ukingo ulipokatwa," mzee akasema, "nikainua mkono juu, ili ajue namwona. Naye akainua wake. Akaacha kuita. Meli ilikuwa inakwenda na yeye anakuwa mdogo, na mimi mkono nimeuweka juu."

"Muulize kama aligeuza uso."

"Sikugeuza."

"Hata alipokuwa mbali?"

"Hata alipokuwa mbali. Mpaka palikuwa maji tu. Na baada ya hapo pia, mkono ulikuwa juu. Walikuja kuniondoa."

Nikamweleza yote hayo, polepole, bila kupamba. Mama akafumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta, yakateremka mpaka kwenye kola ya gauni la kanisani. Nami nikalia, kwa ajili ya yule kijana majini na kwa ajili ya huyu msichana wa shule aliyezeeka akingoja kuambiwa. Alipofumbua macho alilisema lile neno kwa Kiingereza, kwa sauti ya darasani, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la nyuma. Nikawageukia watu.

"Familia inasema," nikawaambia, "tumesikia."

Mwenyekiti akaanzisha wimbo na watu wakaupokea. Mzee alikuwa bado amesimama kando yangu. Hakuna aliyemwambia aketi, naye hakuketi. Mama alikuwa ananitazama mimi bado, si yeye. Akauchukua mkoba wake kutoka kwenye kochi, akauweka sakafuni.

"Mwambie akae," akasema. "Goti lake haliwezi kusimama muda wote huu."

"Mzee," nikamwambia, "mama anasema ukae."

Akaenda akakaa pale mkoba ulipokuwa.